Mbingu Tuliyowamwagia Watani

Mbingu ilikuwa safi siku ile, na hapo ndipo hofu ya Damari ilipoanzia. Mvua ikija unaiona: mawingu yanajikusanya, upepo unageuka, kuku wanaingia bandani bila kufukuzwa. Dhoruba ya jua haina adabu ya kubisha hodi. Juu ya mlima wa Kongwa anga lilikuwa buluu tupu, jua la alasiri limeegemea upande wa Singida, na mbuzi wa watu walikuwa wakila majani kando ya uzio wa kituo kana kwamba dunia haina neno. Ndani ya kituo, sindano ya dira iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikitikisika yenyewe.

Damari Chilongani aliitazama ile sindano, akaitazama tena, kisha akaenda kunywa maji wakati hana kiu.

Alikuwa mtulizaji wa zamu. Watu wa kijiji cha chini walisema kazi yake ni kupiga mbingu pasi, na kwa kweli hawakukosea sana. Juu kabisa, kupita mawingu, kuna hewa nyembamba ambayo jua huichoma mchana kutwa mpaka inashika umeme. Wataalamu huiita ionosfia. Pale kituoni waliiita dari, basi. Dari ikitulia, sauti za satelaiti hupenya moja kwa moja na mwewe wanajua walipo. Dari ikichafuka, sauti zinavunjika njiani, na mwewe hajui tena kama yuko juu ya kiota chake au juu ya paa la mtu.

Mwewe ni jina ambalo wananchi waliyapa mabasi ya angani tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu yalishuka ghafla, yakabeba watu kama vifaranga, yakapotea. Viota ndivyo vituo vyao, vilivyojengwa juu ya maghorofa. Mwewe hawakuwa na rubani. Rubani wa mwisho alistaafishwa kwa keki na hotuba ndefu, na barabara ya lami ya Singida ikaanza kuota nyasi pembeni. Nchi nzima ilikuwa imetundikwa kwenye uzi wa satelaiti, na uzi wenyewe ulipita kwenye dari.

Ndiyo maana nyuma ya kituo palikuwa na msitu wa minara mifupi, inayosukuma nguvu ya redio juu mpaka dari inyooke. Mtambo huo waliuita Kitulizo. Ulikuwa Dodoma peke yake, kwa sababu makao makuu ya nchi yako Dodoma. Mikoa mingine iliambiwa isubiri bajeti.

Simu ya waya ikalia. Damari alijua ni nani kabla hajaipokea, maana kila alasiri vituo viwili vililinganisha urefu wa dari, na kituo cha pili kilikuwa cha Kilolo, kule kwenye milima ya Iringa.

"Mgogo," sauti ikasema, "mmekula leo, au bado mnazunguka na kopo la kuombea?"

"Tumekula, Mhehe. Kwanza tuliwaficha mbwa wetu msije mkawapika, ndipo tukala kwa amani."

Laurenti Kihwele akacheka kicheko chake kinene, cha mtu unayedhani ni mrefu kama mlango. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita kwa njia ya ule waya, hawajaonana uso kwa uso, na hawajasalimiana kwa "habari za kazi" hata siku moja. Wangesalimianaje? Wagogo na Wahehe ni watani. Mababu zao walipigana wakachoka, wakaona bora watukanane. Mtani anaingia kwako, anafunua chungu chako, anakusema sura yako na ya mama mkwe wako, na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa mpaka chakula kipite kooni. Mtani haombi radhi. Mtani akikuomba radhi ujue kuna kitu kimeoza.

"Dari yako iko wapi?" Damari akauliza.

"Imepanda. Inakaribia kilomita mia nne na hamsini na bado inakwenda. Halafu ni nzito, dada, sijapata kuiona nzito namna hii. Jua limefanya nini?"

"Lilipiga chafya juzi. Leo ndiyo mate yametufikia."

Ndivyo ilivyokuwa, ukitoa utani. Jua lilirusha wingu la chembe za umeme, wingu likaikuta dunia njiani, na sumaku ya dunia ikatikisika kama ngoma iliyopigwa teke. Umeme ukapenya mpaka juu ya Ethiopia, unakopita mstari wa katikati wa sumaku, ukaanza kuiinua dari kama maji ya chemchemi. Na maji ya chemchemi yakirushwa juu hayakai huko. Yanaanguka pembeni, na pembeni ni kwetu: Dodoma, Iringa, na kuendelea.

"Basi msitumwagie takataka zenu," Laurenti akasema. "Nawajua. Mkipiga pasi kwenu, makunyanzi yote mnayasukumia huku."

Huo ulikuwa wimbo wake tangu Kitulizo kiwashwe, na Damari alikuwa ameucheka kwa miaka. Lakini lisemwalo lipo. Masika yaliyopita alikuwa amekaa peke yake, akalinganisha vipimo vya Kilolo na saa za Kitulizo, akaona. Kila alipoituliza dari ya Dodoma, muda mfupi baadaye dari ya Kilolo ilichafuka. Uzito ulioondolewa huku haukuyeyuka. Uliteremka kusini. Alimweleza mkuu wake, Bwana Ngaiza, naye akamwambia dada yangu, ukitafuta sana utaona sura ya bibi yako kwenye mawingu. Damari akanyamaza, kwa kuwa kazi ni kazi. Na kwa Laurenti aliendelea kucheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kumwambia kwamba anasema kweli.

"Jioni dada yangu Skola anakuja na mwewe wa Kilolo," Laurenti akaendelea. "Ananiletea pombe ya ulanzi ya Iringa mjini, eti ulanzi wa kwetu hauchachuki vizuri kwa baridi. Nikutunzie kidogo?"

"Nitakuja mkifiwa. Siku hiyo ulanzi wenu huwa wa bure."

"Mchawi wewe," Laurenti akasema kwa furaha, akakata simu.

* * *

Jua lilipoanza kushuka, Damari alisogeza kiti mbele ya kioo kikubwa kilichoonyesha ramani, dari na mwewe wote.

Machweo ndiyo saa mbaya. Mchana jua linaichoma dari na kuijaza umeme juu na chini. Likizama, sehemu ya chini inaoza upesi, inabaki tupu, huku ya juu ingali nzito. Jaribu kumwaga maji juu ya mafuta ya taa ndani ya chupa uone kama yatatulia. Kilicho kizito kinataka kushuka, kilicho chepesi kinataka kupanda, na vinapopishana hutokea mapovu. Kila siku ya kawaida kuna mapovu madogo, na Kitulizo kinayalaza bila shida. Siku hii dari ilikuwa imebebwa juu kuliko siku yoyote aliyoijua, na uzito wake haukuwa na mfano. Mapovu yake yangekuwa makubwa kuliko wilaya.

Kwenye kioo hicho taa ndogo za mwewe zilikuwa zikitambaa kuelekea Dodoma. Ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu ni sikukuu, kwa hiyo zilikuwa nyingi. Alikuwa ameomba tangu adhuhuri anga lifungwe. Makao makuu ya Idara ya anga yalimjibu kwamba nchi yenye Kitulizo haifungi anga.

Simu yake ya mkononi ikatoa mlio. Ujumbe ulikuwa wa mwanawe, Eseri, aliyekuwa akisomea uuguzi Singida: *Mama nimepanda. Weka mlenda jikoni.*

Damari akakaa chini polepole. Eseri alikuwa amesema angekuja Jumamosi.

Alimpigia. "Umepanda wa saa hizi kwa nini? Tulisema kesho."

"Nilitaka kukushtua, mama," Eseri akasema, na nyuma yake kulikuwa na watoto wakiimba. "Mbona sauti yako hivyo?"

"Hakuna kitu. Funga mkanda."

"Huku wanafunga watoto tu."

"Wewe ni mtoto. Funga."

Simu ya waya ikalia tena. Safari hii alikuwa Bwana Ngaiza, kutoka Idara, na hakupoteza muda kwa salamu.

"Mama Eseri, naona mapovu yanaanza upande wa mashariki. Washa."

"Bwana mkubwa, nguvu ya kawaida haitayagusa haya."

"Basi washa zote."

"Zote hatujawahi. Tukiwasha zote, dari yote hii inateremka kusini kwa mpigo. Nilikwambia masika. Kuna mwewe wa Kilolo jioni hii, na kule ni milima na ukungu. Wa kwetu akikosea anaangukia uwandani. Wa kule akikosea anaingia jabalini."

Ngaiza hakuwa mtu mbaya, na Damari alitamani angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumchukia. "Mwewe wa kwetu ni zaidi ya kumi," akasema. "Uwandani, unasema. Uwanda gani? Chini kuna nyaya za umeme, kuna mawe, kuna mji. Kusini ni mmoja. Na hilo la kumwagika halijathibitishwa."

"Limethibitishwa. Nimelithibitisha mimi."

"Mama Eseri," akasema kwa sauti ya chini, "jina la binti yako nimeliona kwenye orodha ya abiria. Mimi nisingehitaji kuambiwa mara mbili." Akakata.

Damari alibaki ameshika simu. Alichukia alivyoguswa pale penye kidonda, na alichukia zaidi kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaifikia swichi ya Kitulizo bila yeye kuutuma.

Akaurudisha. Kwanza Laurenti. Laurenti akimshusha yule mwewe mmoja kabla ya kumwaga, hakuna atakayekufa popote. Kilolo kulikuwa na uwanja wa mpira wa misheni, tambarare, na kituo cha Laurenti, tofauti na cha Damari kilichongoja amri ya Idara, kilikuwa na amri juu ya mwewe wa mkoa wake. Neno moja lingetosha.

Sasa sikiliza jinsi mazoea yalivyo na taabu. Miaka sita aliuinua ule mkono wa simu kwa tusi. Miaka sita hakuwahi kuanza na jingine. Na mtu akiogopa hashiki jipya, anashika alilolizoea, kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake gizani. Laurenti alipopokea, kinywa cha Damari kilifunguka chenyewe.

"Mhehe, funika vyungu vyako. Leo nakumwagia mbingu yote."

Laurenti akalipuka kwa kicheko. "Mwaga, Mgogo. Kwenu maji hamna, angalau mmwage mbingu."

"Sikutanii."

"Mgogo akisema hatanii, hapo ndipo ametania."

"Laurenti." Alisikia jinsi jina lile lilivyokuwa geni kinywani mwake. "Nisikilize. Mshushe mwewe wa Kilolo. Kwenye uwanja wa misheni. Sasa hivi."

"Nimshushe dada yangu uwanja wa misheni, atembee na ulanzi kichwani mpaka juu huku, anitukane wiki nzima? Halafu kesho ukawahadithie wenzako jinsi Wahehe wanavyoikimbia mbingu. Nimekujua leo?" Alikuwa bado anacheka. "Hii umeipanga vizuri, dada, nakupa. Mpaka sauti umeitetemesha."

"Inatetemeka yenyewe. Mwanangu yuko angani, nimeamriwa niwashe nguvu zote, nawe ulikuwa unasema kweli miaka yote hii, yote tunayoyasukuma yanakuja kwa..."

Kukasikika mlio kama wa chuma kinachokatwa, kisha kimya. Dhoruba ilikuwa imeingia ardhini. Sumaku ikitikisika hivyo, waya mrefu hujipatia umeme wenyewe, na waya wa Kongwa mpaka Kilolo ni mrefu. Kitu cha mwisho alichosikia Damari kilikuwa kicheko cha Laurenti, nusu yake.

Alipiga tena. Akapiga tena. Waya ulikuwa umekufa. Alijaribu simu ya mkononi, ikamjibu kwamba anayempigia hapatikani, na huenda ni milima tu, kama kawaida ya kule.

* * *

Jua liligusa vilima.

Kwenye kioo, dari iliyokuwa rangi ya majani ikaanza kutoboka. Povu la kwanza liliota upande wa Morogoro, refu, jembamba, likipanda. La pili likaota karibu. Taa za mwewe zikaanza kucheza. Mmoja akaruka kutoka Chamwino mpaka Bahi kwa sekunde moja, kitu ambacho hakiwezekani. Ni kwamba hakujua alipo.

"Mama." Eseri alikuwa kwenye simu tena, na safari hii watoto hawakuwa wakiimba. "Anayumba. Anasema tumefika."

"Nani anasema?"

"Mwewe. Sikiliza."

Na Damari akaisikia kwa nyuma ile sauti ya mashine, ya upole, iliyorekodiwa na mtangazaji mwenye sauti ya asali: *Karibuni Dodoma. Mmefika salama. Tafadhali jiandaeni kushuka.*

"Hatujafika, mama. Chini ni mawe. Ni mawe matupu na anashuka."

Mkono wa Damari ulikuwa juu ya swichi. Alikuwa akiomba, na hakujua anaomba nini. Mungu wangu, Laurenti awe ameelewa. Awe amekaa sasa, kicheko kimemwisha, amejiuliza mbona huyu mwanamke amemwita kwa jina. Aliangalia upande wa kusini wa kioo. Taa ya mwewe wa Kilolo ilikuwa imeondoka Iringa mjini, imeshaingia milimani, inakwenda taratibu na kwa unyoofu kabisa, kwa sababu dari ya kule ilikuwa bado nzima. Ndani yake mlikuwa na Skola. Damari hakumjua Skola. Alijua tu kwamba anapenda kumletea mdogo wake ulanzi, na kwamba ni mkali wa kutukana. Wengine waliokuwa naye hakuwajua hata kwa hayo.

Akangoja. Hilo lazima lisemwe, alingoja. Aliihesabu pumzi yake, akiitazama ile taa ya kusini kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa, akisema geuka, geuka uende uwanjani. Ile taa haikugeuka.

"Mama," Eseri akasema, kwa sauti ndogo ambayo Damari hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto wa kuogopa radi. "Mama, nakuacha na Mungu."

Damari akawasha.

Baadaye watu wa Idara walieleza kwamba mtulizaji alipima idadi ya abiria wa pande mbili, akachukua uamuzi wa kitaalamu. Tusidanganyane. Damari hakuhesabu watu. Alimhesabu mmoja.

Minara ikanguruma mpaka mbuzi wakaruka uzio. Kwenye kioo, mapovu ya Dodoma yakajikunja, yakapungua, yakalala. Dari ikanyooka kuliko siku yoyote ya maisha yake ya kazi, safi kama shuka jipya. Mmoja mmoja, mwewe wakatulia, wakajua walipo, wakainuka kutoka walipokuwa wanataka kuangukia, wakarudi njiani. Kutoka kwenye simu ukaja mlio wa watu wengi wakilia na kucheka kwa pamoja, na Eseri katikati yao akisema amepanda, mama, amepanda tena, tunaona taa za mji.

"Nasikia," Damari akasema. "Nasikia, mwanangu."

Lakini macho yake yalikuwa kusini. Ule uzito ulikuwa umeanza safari. Ulishuka kama chai iliyomwagika mezani, hauna haraka, ukapita Mtera, ukapanda milima ya Iringa, na ulipofika Kilolo dari yote ikatoboka kwa mara moja. Taa ya yule mwewe ikatetemeka. Ikaruka mpaka bwawani Mtera. Ikarudi. Ikaruka mpaka mahali ambapo ramani ilionyesha mlima mtupu, ikatulia hapo, na pembeni yake kukatokea maandishi ya kijani ambayo Damari aliyajua vizuri, maana ndiyo kila mwewe huandika mwisho wa kila safari. *Nimefika.*

Kisha ikazimika.

* * *

Idara ilitangaza kwamba ni hitilafu ya chombo. Bwana Ngaiza alimpigia Damari, akamwambia ameokoa watu wengi na jina lake limepelekwa juu. Hakutaja Kilolo. Eseri alikula mlenda, akalala siku nzima, akaamka akauliza mama mbona huli. Damari hakumwambia. Utamwambiaje mtoto gharama yake?

Alipanda basi la chini, la magurudumu, kwenda Kilolo. Hakuwa na sababu ya kueleza kwa nini anakwenda. Mhehe amefiwa, Mgogo anakwenda, ndivyo ilivyo. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno mdomoni na kuyatema.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, katikati ya misonobari, na ukungu ulikuwa umekaa mpaka magotini. Watu walikuwa wameizunguka kwa makoti na mablanketi, kimya, nyuso zimekauka. Skola alikuwa amezikwa asubuhi ile. Miongoni mwa wanaume alisimama mmoja mfupi, mwembamba, kofia ya sufu mkononi, na Damari asingemtambua maisha yake yote kama mtu asingemwita Laurenti. Ile sauti nene ilikuwa imekaa ndani ya mtu mdogo hivi.

Laurenti alimtazama. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Huyu ni nani?" bibi mmoja akauliza.

"Mgogo wangu wa kazini," Laurenti akajibu.

Basi ikawa kama watu wamefunguliwa madirisha. Mgogo amekuja, wakasema, ficheni sufuria. Mwanamke mmoja akamshika Damari mkono, akamvuta katikati, akamtilia kikombe cha ulanzi. Kunywa, wewe si hukosi penye cha bure. Walikuwa wakimtazama kwa njaa, maana siku tatu hakuna aliyecheka pale, na mtani wao alikuwa amefika hatimaye. Mama mzazi wa Skola, bibi kizee aliyekuwa amelala mkekani uso ukutani, akageuka kidogo asikilize.

Damari akakishika kikombe. Alikumbuka alivyosema atakuja wakifiwa, na hakunywa.

"Nisameheni," akasema.

Mtu akakohoa kicheko. Mtani anaomba radhi. Nani aliwahi kusikia?

"Nisameheni," akarudia, na sauti yake ikapasuka. "Mimi ndiye niliyemuua Skola. Mbingu ya Dodoma ilikuwa mbovu, nikaisukuma, nikaimwaga hapa kwenu."

Ua mzima ukalipuka. Wanaume waliinama wakashika magoti. Vijana wakapigana mabegani. Amemwaga mbingu, akasema mmoja akifuta macho, Wagogo hawa, wameishiwa vya kumwaga. Damari alisema hapana, sikilizeni, ni kweli, nilikuwa na binti yangu, na kadiri alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu alilia vizuri, kuliko mtani yeyote waliyewahi kumwona. Mama yake Skola alikuwa ameketi sasa. Kicheko kilimtoka kwa taabu, kama pampu ya kisima iliyokaa bila kutumika, na machozi yakamtiririka. Akanyoosha mkono wenye mifupa mitupu, akaukamata wa Damari.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umetupumzisha. Mungu akubariki. Sasa nitakula."

Mtu akakimbilia jikoni kumletea yule mama uji. Damari alisimama pale, mkono wake ndani ya mkono wa bibi kizee, na akaona jinsi ilivyo rahisi. Angenyamaza tu. Wangemshibisha, wangemfungia chakula cha njiani, wangemsimulia miaka yote. Mama huyu angekula uji wake kwa amani.

Akainua macho. Katikati ya watu wote wale, mmoja hakuwa akicheka. Laurenti alikuwa akiikunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja tena, midomo imekauka. Damari akajua kwamba hakuwa amemwambia mtu kuhusu ile simu. Naye alikuwa amelala siku tatu na kicheko chake mwenyewe.

Laurenti akasogea mpaka mbele yake. Watu wakapunguza sauti, wakingoja atakavyomjibu mtani wake.

"Niliambiwa nimshushe," akasema polepole, "nikacheka." Wachache wakacheka kwa hilo pia. Hakuwatazama. Alimtazama Damari. "Waambie tena. Usikae chini. Waambie mpaka waache kucheka."

Uji ukaletwa. Damari alingoja mama yake Skola amalize kunywa, kisha akaweka kikombe cha ulanzi chini, akaanza upya.